Majaribio Yaliyosema Salama

Mama yangu alikuwa na tezi shingoni tangu mimi niko shule ya msingi. Kule kwetu Kibosho, mlimani juu ya Moshi, halikuwa jambo la ajabu. Akina mama wengi wa rika lake walikuwa nalo, na walijifunga kanga shingoni kwenda kanisani hata jua likiwaka. Ila la mama yangu halikukubali kukaa lilipo. Liliendelea kukua, likaanza kumkaba akilala chali, na mwaka ninaousimulia akawa analala ameegemea ukuta kama mtu anayesubiri basi. Daktari wa hospitali moja ya hapa Moshi akasema lazima litolewe. Akasema pia kwamba shingo ikikatwa hutoka damu nyingi, kwa hiyo damu ya kundi lake lazima iwe tayari kabla hajaingia chumba cha upasuaji. Akapangiwa tarehe.

Na mimi, mwanawe, nilikuwa mmoja wa watu watatu waliokuwa wakitengeneza programu ya kupeleka majibu ya damu kutoka maabara ya hospitali hiyohiyo hadi wodini. Ndiyo maana nikianza habari za amri za kompyuta zinazoshindwa, na za majaribio yanayozipima, vijana wa ofisini kwangu leo wananiona nawachosha. Wao wanaona skrini. Mimi naona mama amelala kitandani.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja ghorofani, karibu na soko, chini yetu duka la mitumba na jirani yetu fundi wa redio. Mwenye ofisi alikuwa mzee aliyefanya kazi miaka mingi kwenye shirika la umma. Mashirika yalipoanza kubinafsishwa akapunguzwa kazini, na wakati wenzake wakijenga vyumba vya kupangisha, yeye alinunua kompyuta zilizotumika kutoka ng'ambo. Walimcheka sana. Mimi nilikuwa natoka masomoni, sina pa kushika, yeye akanipa meza na kiti. Mpaka leo nikipita chini ya lile dirisha namwombea.

Programu yenyewe ilikuwa mlolongo wa amri zilizoandikwa moja chini ya nyingine kwenye skrini nyeusi: chukua faili la majibu maabara, likague, linakili kwenye kompyuta ya wodi, chapisha nakala. Kompyuta zote mbili, ya maabara na ya wodi, zilikuwa bado mezani kwetu ofisini zikisubiri kukabidhiwa, na ili tujue kama programu inafanya kazi, tuliandika na majaribio. Kila asubuhi kompyuta ilijiendesha yenyewe, ikatuma majibu ya mgonjwa wa kubuni wa kitanda cha nne, ikaangalia kama yamefika, halafu ikatoa ripoti. Mzee alisoma ripoti hiyo akiwa bado amevaa koti, kabla hata ya chai.

Sasa ripoti hiyo ndiyo ilikuwa na mambo. Mzee alikuwa mtu wa adabu, na alitaka hata kompyuta yake iwe na adabu. "Mtu aliyelelewa," alituambia, "haingii nyumba ya watu akaanza na msiba. Anasalimu, anaulizwa habari, anajibu nzuri, anakaribishwa kiti. Ndipo anasema kilichomleta." Hakuna aliyebisha, maana ndivyo tulivyolelewa wote huku mlimani. Mimi mwenyewe niliwahi kupanda nyumbani kwa mjomba, nikaulizwa habari za safari, za kazi, za mjini, nikanywa bakuli zima la mtori, supu yetu ya ndizi, ndipo nikaambiwa kwamba mjomba amefariki. Kwa hiyo mstari wa kwanza wa ripoti yetu ulisema: Salama, majaribio yamekwisha. Malalamiko, kama yapo, yalifuata chini.

Malalamiko nayo yalikuwapo kila siku, na mengi yalikuwa ya kipuuzi. Printa haina karatasi. Folda inayotakiwa kutengenezwa tayari ipo. Mzee akachoka nayo, akaamuru yasiwe yanaonyeshwa. Kwenye kompyuta za aina ile kuna mahali unaweza kuyatupa maneno usiyotaka kuyasikia, yakapotea moja kwa moja, na sisi tulipaita chooni. Tukaelekeza malalamiko yote chooni. Kuanzia hapo ripoti ikawa safi, salamu tupu, na mzee akawa anakunywa chai yake kwa raha.

Ndipo akaajiriwa dada mmoja. Yeye alitoka kule tambarare, kwenye mashamba ya miwa, ambako wazazi wake walihamia kutoka mkoa mwingine kufanya kazi kiwandani. Alikulia kwenye nyumba za wafanyakazi, mlango kwa mlango na watu wa kila kabila, na Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani kwao, si ya shuleni kama kwetu. Alikisema haraka na bila kuzunguka. Ukimuuliza habari za asubuhi anakujibu, "Mbaya, jino limenisumbua." Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nitasema ukweli, yule dada alinikera tangu siku ya kwanza. Nilimwona hana malezi.

Siku chache baada ya kufika alisimama nyuma yangu wakati majaribio yanajiendesha. Akaniuliza, "Kaka, hizi amri mnaziuliza namba zake?"

Nikamuuliza namba gani, ingawa nilijua. Kila amri ikimaliza kazi huacha namba. Ikiacha sifuri, imefanikiwa. Ikiacha namba nyingine yoyote, imeshindwa. Namba hiyo haiandikwi popote kwenye skrini. Lazima uiulize, tena uiulize palepale, kwa sababu amri inayofuata ikipita inaweka ya kwake juu yake. Sisi hatukuwa tunaiuliza. Amri ya mwisho kwenye majaribio yetu ilikuwa ile ya kuandika Salama, na kuandika neno moja kwenye skrini hakumshindi mtu.

Dada hakubishana. Aliinama chini ya meza, akachomoa waya unaounganisha kompyuta ya maabara na ya wodi, akaushika mkononi nikiuona, kisha akayaendesha majaribio upya. Yakaenda mpaka mwisho. Ripoti ikatoka: Salama, majaribio yamekwisha.

"Rudisha waya," nilimwambia. Sauti yangu haikuwa nzuri.

"Nitarudisha. Kwanza nionyeshe hayo majibu yaliyofika salama yako wapi."

Nikafungua kompyuta ya wodi ili nimnyamazishe. Majibu yalikuwapo, kitanda cha nne, kundi la damu na kila kitu. Ila yalikuwa ya zamani, ya jaribio tulilofanya wakati tunafunga mashine. Tangu hapo ruhusa ya kuandika kwenye folda ile ilikuwa imebadilishwa, hatujui na nani, na amri ya kunakili ilikuwa ikishindwa kila asubuhi, ikilalamika chooni. Majaribio yalikuwa yakiuliza tu kama kuna faili la kitanda cha nne. Faili lilikuwapo. Basi, salama.

Hapo lazima nieleze vitanda. Kwetu majina ya ubatizo na ya ukoo ni yaleyale. Ukiita jina la mama yangu wodini, itaitika nusu ya wodi. Kwa hiyo hospitali ilituomba tutumie namba za vitanda. Maana yake ni kwamba majibu mapya yasipofika, anayelala kitanda cha nne leo anasomewa damu ya aliyekilalia juzi. Dada aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, huku anarudisha waya. Mimi hasira ikanizidi.

Aliyaandika majaribio upya bila kumwomba mtu ruhusa. Kila amri ikawa inaulizwa namba yake hapohapo. Ikishindwa, kazi inasimama, na ripoti inaanza na jina la amri iliyoshindwa na maneno iliyoyasema yenyewe. Kesho yake mzee alifika, akasoma akiwa na koti lake, na hakukuwa na Salama. Karibu kila jaribio lilikuwa limeanguka. Na siku ya kuikabidhi programu hospitalini ilikuwa imekaribia, tena watu wamealikwa.

"Kompyuta inayotangaza msiba mlangoni," mzee alisema, "nitampelekea nani?"

"Mzee, mtu akisema nzuri tunajua kumsubiri mpaka aseme lililomleta," dada alijibu. "Kompyuta ikisema nzuri, hakuna anayekaa kuisubiri. Ndiyo shida."

"Wewe binti, rudisha kama ilivyokuwa. Usiporudisha, Jumatatu tafuta kazi kwingine."

Hakurudisha. Alisema, "Samahani mzee," akaendelea kuandika. Mimi nilimfuata kwenye ngazi jioni nikamwambia anatuharibia, na kwamba kabla hajaja tulikuwa tunakwenda vizuri. Akaniuliza, "Nimeharibu nini? Kitaje." Nikaondoka zangu kwa miguu mpaka Soweto, Soweto ya hapa Moshi, nilikokuwa nimepanga, nikimsema njia nzima kama mwendawazimu.

Jumamosi nikapanda Kibosho. Mama alikuwa ameketi kihambani, shamba letu la nyumbani, chini ya migomba, anachambua kahawa. Alishafua kanga zake za kwendea hospitali akazikunja. Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza, na kila baada ya maneno machache ilimbidi avute pumzi. Nikamuuliza anaendeleaje, akasema vizuri tu. Kisha akaniambia kwamba majirani walimtisha habari za kisu na damu baada ya misa, na yeye akawajibu kuwa haogopi. "Nimewaambia mashine ya mwanangu ndiyo itakayoangalia damu yangu," alisema. "Wewe utakuwa hujaniangalia?"

Alinipa mtori, nikauweka kando. Niliogopa. Sijui neno lingine. Nilimwona amelala kitanda cha nne, au cha ngapi sijui, na nesi anasoma kwenye skrini damu ya mtu mwingine, na mashine ya mwanawe inasema salama. Mama aliniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia hapana, nimechoka na safari.

Jumatatu nilifika ofisini kabla ya mzee. Dada alikuwa tayari amefungasha vitu vyake kwenye mfuko, ila alikuwa bado anafanya kazi. Mzee alipoingia nilimwamkia, na kabla hajauliza kitu nikamwambia, "Mzee, mama yangu anakuja kupasuliwa pale. Atalala kwenye kimojawapo cha vile vitanda. Naomba majaribio yabaki kama dada alivyoyaandika."

Mzee alikaa. Alisoma ripoti, safari hii yote, mstari kwa mstari, na baadhi ya mistari aliniuliza maana yake. Halafu akasimama, akavaa kofia, akashuka. Alikwenda hospitalini mwenyewe, mtu wa umri wake na heshima yake, akamweleza muuguzi mkuu kwamba tulisema tuko tayari na hatuko tayari. Aliporudi alisema tu, "Wametuongezea wiki chache. Kazi." Na kwa dada akasema, "Ondoa huo mfuko juu ya meza, unachukua nafasi." Mzee hakuwa na namna nyingine ya kuomba radhi, na kwangu ilitosha sana. Kuna mabosi wengi wangetufukuza sote wawili ili siku ya sherehe isiharibike.

Wiki zile ndizo nilizojifunza kazi. Nilidhani kuiuliza amri namba yake ni mwisho wa shughuli, kumbe ni mwanzo. Kuna amri inayotafuta neno ndani ya faili. Isipolikuta nayo huacha namba isiyo sifuri, na hapo hakuna kilichoharibika, neno halipo tu. Ilibidi tukae na kila amri tuulize: wewe ukishindwa, ni msiba au ni jambo la kawaida? Zile za kawaida tukaziandika wazi kwamba ni za kawaida na kwa nini. Zilizobaki zote, kazi isimame. Dada alinifundisha pia kuandika majaribio ya kushindwa. Tulichomoa waya kwa makusudi, tukaijaza diski mpaka ikakataa, tukafuta folda, na kila mara tulitaka programu ilalamike kwa maneno yaleyale tunayoyategemea. Isipolalamika, jaribio limeanguka. Mimi niliona ni kichekesho, kusherehekea kwa sababu kitu kimeshindwa vizuri. Siku moja tulicheka mpaka fundi redio akaja kuuliza kuna nini.

Na wodini tukaweka hili: kabla ya kunakili majibu mapya, ya zamani yafutwe kwanza. Kunakili kukishindwa, skrini isibaki na chochote cha jana. Iandike kwa herufi kubwa: HAKUNA MAJIBU, NENDA MAABARA. Muuguzi mkuu alipoyaona maneno hayo alisema yana ukali. Mzee, yuleyule mzee, ndiye aliyemjibu kwamba ukali huo tumeuweka makusudi.

Mama akaja. Nilimpeleka mwenyewe, nikambebea kikapu, nikamwona anapanda kitandani na kukaa ameegemea ukuta kama kawaida yake. Asubuhi ya upasuaji umeme ulikatika upande wa maabara. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya wodi, sijui lolote. Nilimwona tu nesi mmoja anatoka kwa haraka, amekunja uso, anateremka kuelekea maabara. Baada ya muda akarudi na karatasi mkononi. Aliniona, alinijua, akanisemesha akipita: "Hiyo programu yenu ina kelele. Haikusema chochote cha mama yako, inanituma maabara tu kama mtoto."

Nikamwambia asante. Akaniangalia kama nina wazimu.

Baadaye, mama akiwa ameshatoka na amelala, nesi huyohuyo alikuja kukaa karibu nami kwenye benchi. Hakuwa na haraka tena. Alinieleza kwamba kule maabara alikuta damu ya mama bado haijatengwa, kwa sababu ya vurugu za umeme, na akasimama palepale mpaka ikatengwa. Ndani shingo ilitoa damu kuliko daktari alivyotarajia. Walimwongezea, ya kundi lake, ilikuwa tayari. Kisha akasema jambo ambalo sikumuuliza: aliyelala kwenye kitanda kile kabla ya mama alikuwa wa kundi jingine. Alilisema taratibu, akaniacha nilie. Sikuona aibu kulia mbele ya watu siku ile, na sioni hata sasa.

Mama alipopata nafuu nilimweleza yote, amri, namba, choo na waya uliochomolewa. Sidhani alielewa hata nusu. Alichoelewa ni kwamba kuna binti aliyeambiwa aseme mambo ni salama akakataa, na kwamba kazi yake ilikuwa hatarini kwa ajili hiyo. Akaniambia anataka kumwona. Nikamwambia nitamfikishia salamu. Akasema hakuomba kusaidiwa salamu.

Nikamshusha mjini, bendeji ikiwa bado shingoni na safari hii haikufunikwa na kanga. Alikuwa amekata mkungu wa ndizi mkubwa kuliko tunavyopeleka hata kwenye harusi, akachukua na maziwa, na akakataa nimbebee maziwa hayo. Dada alikuwa amepanga chumba Soweto, mtaa wa pili kutoka kwangu. Alitufungulia mlango ana sabuni mikononi, alikuwa anafua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Mama hakumuuliza habari za kazi, wala za nyumbani, wala za wazazi wake. Nilimsubiri aulize, maana sijawahi kumwona akiingia kwa mtu bila kuuliza. Aliweka maziwa chini, akamshika dada mikono yote miwili na sabuni yake. Akasema kwa ile sauti mpya, bado ya mkwaruzo lakini pumzi ikimtosha mpaka mwisho wa sentensi, "Ningekuwa nimekufa, mwanangu. Nimekuja unione ninavyopumua."

Yule dada alisimama pale mlangoni, mikono yake mikononi mwa mama, akimsikiliza anavyopumua.